Kitu kilichokwama kwenye njia ya mkojo: yanayosemwa na ukweli wake

"Kunywa maji mengi, kitatoka chenyewe."
Kwa kijiwe kidogo cha figo, sawa. Waya au kipande cha katheta (mpira wa kutolea mkojo) si kijiwe: mkojo hupita pembeni, chenyewe kinabaki. Chumvi za mkojo hukigandia polepole mpaka kinakuwa kiini cha jiwe.

"Ukiona ncha yake, vuta."
Hapa ndipo watu hujiumiza zaidi. Mrija wa mkojo wa mwanamume una sentimita 18 hadi 20, tena una mikunjo. Waya laini ukishafika kibofuni hujiviringisha, na mara nyingine hujifunga fundo. Ukivuta, fundo linakaza na mrija unachanika. Kovu linalobaki huubana, na baadaye mkojo hutoka kwa shida. Hata daktari havuti kabla ya picha. Eksirei huonyesha chuma vizuri, lakini mti na plastiki nyingi hazionekani, kwa hiyo huhitajika ultrasaundi au CT (eksirei ya kompyuta). Mwambie bila aibu ni kitu gani na kina urefu gani. Jibu hilo ndilo humwongoza kuchagua vifaa.

"Lazima upasuliwe."
Mara nyingi hapana. Chini ya ganzi au nusukaputi, sistoskopi, yaani kifaa chembamba chenye kamera, yenye unene wa milimita 5 hadi 7 hupitishwa kwenye tundu la mkojo, huku maji ya chumvi yakikitanua kibofu. Koleo dogo hushika kitu kwenye ncha, si katikati, kwa sababu kikishikwa katikati hukaa kingamo na hakipiti. Chenye makali huingizwa kwanza ndani ya ala ya kifaa. Plastiki yenye fundo hukatwa vipande, mara nyingi kwa leza ya holmiamu. Vishanga vya sumaku ndivyo visumbufu: hung'ang'aniana vikawa bonge, na inabidi vitenganishwe humo humo kibofuni. Njia hiyo ikishindikana, hutobolewa tundu dogo juu ya kinena. Kukifungua kibofu huja mwisho.

"Stenti haiumi, basi iache."
Stenti ni mrija mwembamba unaowekwa kati ya figo na kibofu ili mkojo upite. Nyingi za plastiki hutolewa au kubadilishwa ndani ya miezi 3 hadi 6. Iliyosahaulika huota jiwe hata ncha zote mbili; ikilazimishwa hukatika. Jiwe huvunjwa kwanza, wakati mwingine kupitia tundu la mgongoni.

"Damu baadaye ni dalili mbaya."
Baada ya kitu kutolewa, mkojo wa rangi ya waridi na kuwashwa kwa siku moja au mbili ni kawaida. Mabonge ya damu, homa yenye kutetemeka au kushindwa kukojoa: rudi hospitali saa hiyo hiyo.