Bwawa la nyumbani limegeuka kijani na koga haitoki, maswali mnayoniuliza

Watoto wanaweza kuogelea kama ni kijani kidogo tu?

Hapana jamani. Koga yenyewe mara nyingi haimdhuru mtu, shida ni kwamba ikishaota maana yake klorini imeisha, na klorini ikiisha bakteria nao wanazaliana, ndo hapo mtoto anatoka na vipele vya usaha mgongoni au sikio ukiligusa tu analia. Afu kuna kubwa kuliko hilo, maji hayaonyeshi chini, mtoto anazama mita moja na nusu tu mko wote pembeni mnakula mishkaki na hakuna anayemwona. Funga geti.

Nimemwaga klorini mara mbili, kijani kimerudi vilevile. Kwa nini?

Ulisugua? Ulipima pH, yaani ukali wa maji? Koga inajifunika ute, ule utelezi unaousikia ukishika ngazi, klorini inaua ya juu na ya chini imekaa raha mustarehe inasubiri. Pitisha kidole kwenye grauti katikati ya tailzi, ya kijani inatoka kirahisi, ya njano inakaa upande wa kivuli kama vumbi, ila ukikuta kidoa cheusi kinachogoma hiyo ndo sugu, imeshika mpaka ndani ya saruji, na inataka brashi ya waya (bwawa la faiba usithubutu, utalichana). pH nayo ikipita 7.8 klorini inakuwepo lakini imelala, ishushe hadi 7.2 hivi. Na usimwage mchana, jua letu hili linaimaliza ndani ya saa chache, mwaga jioni.

Kiasi gani?

Piga hesabu ya maji yako. Bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5, ni lita 48,000. Kwa klorini ya unga ya asilimia 65, gramu 740 hivi zinapandisha klorini hadi 10 kwenye kipimo (miligramu kwa lita), na kama ni kijani kizito unahitaji mara tatu yake, kilo 2 na ushee. Sugua kwanza kuta zote na nyuma ya ngazi, ndo umwage, pampu iachwe usiku na mchana na filta uioshe kila presha inapopanda. Kesho yake maji yatakuwa kama ya kuoshea mchele, usiogope, ni koga iliyokufa, ikituama ivute uimwage nje isirudi kwenye filta, na kama ukuta bado unateleza rudia.

Fundi kaniambia niweke mrututu.

Mrututu ni chumvi ya shaba, na kweli shaba inaua koga, lakini wengi wanakadiria kwa mkono tu. Ikizidi inaacha madoa ukutani, nywele nyeupe zinageuka kijani, na mtoto akimeza maji tumbo linachafuka. Mimi siuweki mahali wanapooga watoto, brashi na klorini vinatosha.

Maji ya kisima yamebadilika rangi nilipotia klorini tu, ni koga?

Huenda ni chuma kilichoko kwenye maji, koga haioti ndani ya dakika kumi. Ukuta hautelezi? Basi si koga, na klorini zaidi haitasaidia.

Naweza kuchanganya asidi ya kushushia pH na klorini kwenye ndoo moja niokoe muda?

Nakuomba usifanye hivyo hata siku moja. Inatoka gesi inayochoma macho na mapafu, na ukifanyia ndani ya chumba cha pampu mlango umefungwa unaweza usitoke. Hata vidonge vya klorini na ile ya unga usivichanganye, vinaweza kulipuka. Kila dawa na kopo lake kavu, na ni dawa ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe si maji juu ya dawa. Mtu akivuta hiyo gesi mtoe nje kwenye hewa, akiendelea kukohoa au kifua kinabana mpeleke hospitali, usimpe maziwa ukakaa kusubiri.

Tunarudi lini kuogelea?

Klorini ikishuka hadi kati ya 1 na 4, pH iwe 7.2 hadi 7.8. Afu tupa sarafu upande wa kina kirefu, simama ukingoni, kama huioni vizuri pale chini hakuna anayeingia leo.