Kwa Nini Breki za Baiskeli ya Kawaida Haziitoshi Baiskeli ya Umeme?

Je, wajua kwamba baiskeli inayokwenda kilomita 30 kwa saa huhitaji nafasi ya kusimama iliyo mara nne ya ile inayohitajika kwa kilomita 15 kwa saa, hata kama breki ni zile zile na barabara ni ile ile? Nishati ya mwendo hukua sambamba na uzito, lakini kwa upande wa kasi hukua kwa kasi kuzidishwa kwa kasi, na hapo ndipo mtu aliyezoea baiskeli ya kawaida ya Black Mamba anapopata mshangao wake wa kwanza juu ya baiskeli ya umeme. Tumchukue mchuuzi wa maji wa Malindi mwenye kilo 70, anayebeba madumu mawili ya lita 20 juu ya baiskeli ya kilo 20 hivi: jumla ni kilo 130, na kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa breki zake zina kazi ya kumeza jouli zipatazo 1,100. Mpe baiskeli ya umeme ya kilo 28, mzigo ule ule, na mwendo wa kilomita 30 unaofikiwa bila jasho kwenye lami ya kwenda Watamu. Sasa breki zinatakiwa kumeza jouli 4,800 hivi. Kwa nguvu ile ile ya kubana, wa kwanza atasimama ndani ya mita tatu na wa pili ndani ya mita kumi na tatu, bila kuhesabu mita nane ambazo huyo wa pili ameshazipita katika sekunde moja ya kushtuka kabla vidole havijabana. Tuktuk inayokata kona ghafla kufuata abiria haimwachii mtu mita ishirini.

Ndiyo maana swali la breki linapaswa kuulizwa kabla ya swali la betri, ingawa wanunuzi wengi huanza na betri.

Breki za kushika rimu, ziwe zile za vyuma virefu vya Black Mamba au zile za mikono miwili zinazovutwa kwa waya, hazina udhaifu wa nguvu kama watu wanavyodhani, kwa kuwa rimu iko mbali na kitovu cha gurudumu na kwa hiyo raba ikiibana hupata wenzo mkubwa. Udhaifu wao ni maji na mchanga. Rimu iko karibu na ardhi, hupita katika kila dimbwi la masika, na ikilowa mizunguko ya kwanza ya gurudumu huishia kukausha maji badala ya kusimamisha baiskeli. Mchanga unaonasa kwenye raba hugeuka msasa na kuila rimu kidogo kidogo, mpaka siku moja ukuta wake unapasuka. Kwenye baiskeli yenye mota katika gurudumu la nyuma hasara hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu kubadilisha rimu ni kufungua spoki zote na kulisuka gurudumu upya kuizunguka mota, na si kila fundi ataikubali kazi hiyo.

Breki ya diski, yaani sahani ya chuma inayobanwa na pedi, huihamishia kazi karibu na kitovu, mbali na madimbwi, na pedi zake hubana kwa nguvu kubwa kiasi kwamba utando wa maji hufutika upesi. Ziko za waya na ziko za mafuta, yaani zinazosukuma pedi kwa mafuta yaliyo ndani ya mrija. Katika za waya, zile za bei ya chini husukuma pedi ya upande mmoja tu, nayo huipinda diski hadi iguse pedi ya pili. Zilizo bora husukuma pedi zote mbili kwa pamoja, na tofauti yake huisikia mkono siku ya kwanza. Za mafuta huhitaji kidole kimoja au viwili, na pedi zinapoisha hujisogeza zenyewe, ilhali za waya lazima mwenyewe akumbuke kuzikaza. Kwa mtu anayebeba mzigo kila siku, mimi ningechagua za mafuta. Lakini asiye na uwezo huo asikubali kuambiwa kwamba breki ya waya ni takataka: akiweka kalipa (kifaa kinachoshika pedi na kuzibana) inayosukuma pande zote mbili, waya wa chuma kisichoshika kutu, na ganda la waya lililo gumu lisilobonyea linapovutwa, atakuwa ameondoa sehemu kubwa ya ule ulegevu unaolalamikiwa.

Kuhusu ukubwa wa diski, hesabu ni nyepesi. Nguvu ya kusimamisha hupanda kwa kadiri ya nusu kipenyo, kwa hiyo kutoka diski ya milimita 160 hadi ya 180 ni ongezeko la asilimia 12 na nusu, na kutoka 160 hadi 203 ni kama asilimia 27. Hapa ningependa kusema jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Ushauri mwingi kuhusu diski kubwa umeandikwa kwa ajili ya watu wa milimani, ambao hushuka mteremko kwa dakika nyingi huku diski ikichemka. Malindi ni tambarare. Tunachokihitaji sisi ni kusimama mara moja, kwa ghafla, tukiwa na mzigo, na kisha diski ina muda wa kutosha wa kupoa. Diski ya 180 mbele inawatosha wengi. 203 iachiwe anayebeba samaki kutoka Mayungu au magunia. Na fedha zikiwa chache ziende mbele kwanza, kwa sababu baiskeli inaposimama uzito huegemea gurudumu la mbele, na ndilo lenye uwezo wa kufanya sehemu kubwa ya kazi. Kabla ya kununua, hakikisha uma wa mbele unaoshika gurudumu umeruhusiwa kubeba ukubwa huo, kwani kila uma una kikomo chake, na kalipa itahitaji kipande cha kuinyanyua ili ilingane na diski mpya.

Adui wa pwani ni chumvi. Baiskeli ikilala usiku mbili tatu kwenye kibaraza kinachopulizwa na upepo wa bahari, diski ya bei nafuu huamka na utando wa rangi ya kahawia, na breki ya kwanza ya asubuhi hukwaruza. Utando huo huondoka baada ya kubana mara chache. Kisichoondoka kwa urahisi ni mafuta: tone moja la mafuta ya mnyororo likirukia diski, pedi hulinyonya, breki huanza kulia kama mlango wa zamani, na nguvu hupotea. Diski husafishwa kwa spiriti na kitambaa kisichotumika kwa kazi nyingine; pedi zilizolowa mafuta mara nyingi hutupwa. Kwa mchanga na mvua zetu, pedi za chembe za chuma hudumu kuliko zile zilizogandishwa kwa utomvu, ingawa zina kelele zaidi na hushika vizuri zikishapata joto kidogo. Lakini soma maandishi kwenye diski yenyewe, maana nyingine za bei ya chini hazikutengenezwa kustahimili pedi za chuma. Pedi iliyobaki na nusu milimita ya sehemu yake ya kubana imekwisha; usingoje isikike chuma kwa chuma.

Kwa upande wa mafuta ya ndani, watengenezaji wa breki kama Shimano, Magura na Tektro hutumia mafuta ya madini, na breki nyingi za SRAM hutumia yale ya aina ya DOT. Hayachanganywi kamwe, kwa sababu raba za ndani zilizotengenezwa kwa aina moja huharibiwa na nyingine. Ya DOT hupatikana kwenye maduka ya spea za magari, na hiyo ni faida kwa mji kama wetu, lakini hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani haikauki. Yatahitaji kubadilishwa mara nyingi zaidi. Mafuta ya madini hayanyonyi unyevu. Ningeyachagua hayo na kuagiza chupa ya akiba pamoja na breki zenyewe.

Liko jambo moja ambalo baiskeli ya kawaida haina. Katika baiskeli nyingi za umeme, hasa zenye kishikio cha kukoleza mwendo, mkono wa breki una swichi ndogo inayokata umeme wa mota mara tu unapoguswa. Anayeng'oa mikono hiyo na kufunga ya mafuta isiyo na swichi ataishia kuzibana breki huku mota ikiendelea kusukuma. Zipo breki za mafuta zenye swichi tayari, vipo vitambuzi vya sumaku vya kubandika pembeni, na zipo kalipa za mafuta zinazovutwa kwa waya, ambazo humwezesha mtu kubaki na mikono yake ya awali. Wengine husema mota yenyewe itasaidia kusimamisha na kurudisha umeme kwenye betri. Hilo hutokea hasa kwa mota za kitovu zisizo na gia za ndani, na umeme unaorudi ni kidogo. Haziwezi kushika nafasi ya pedi.

Breki mpya hazina nguvu zake kamili siku ya kufungwa. Tafuta barabara tupu, ongeza mwendo, punguza hadi karibu kusimama bila kuligandisha gurudumu, urudie mara ishirini hivi mbele na nyuma, ili chembe za pedi zienee sawasawa juu ya diski. Angalia pia upande: kwa desturi ya Uingereza tuliyoirithi, mkono wa kulia hushika breki ya mbele, ilhali baiskeli nyingi zinazoletwa kutoka nje zimefungwa kinyume. Mwisho, inua gurudumu lenye mota, likoleze, kisha gusa mkono mmoja wa breki kwa wepesi, na baadaye wa pili. Mota ikichelewa kukatika, hata kwa mkono mmoja tu, mrudishie fundi kabla hujaipanda.