Je, wajua kwa nini makande ya Mbeya hayafuati saa ya kitabu cha mapishi?

Kitabu kinasema: loweka, bandika, chemsha dakika 60, unga, epua. Mpishi wa Uyole au Mwanjelwa anafuata kila neno, na saa moja ikitimia harage bado linagonga jino. Anaongeza mkaa. Maji yanatokota kwa kishindo, chini kunaanza kunukia kuungua, na mahindi bado magumu. Mwisho analaumiwa muuza maharage, au mpishi anajilaumu mwenyewe. Mara nyingi hakuna mwenye kosa kati yao. Dakika zile 60 zilipimwa kwenye jiko lililo karibu na usawa wa bahari, na vitabu vingi vya mapishi havisemi hivyo popote.

Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuisukuma hewa iliyoyakalia. Pwani hewa ni nzito, kwa hiyo maji hayachemki mpaka yafike nyuzi 100 za Selsiasi. Ukipanda, hewa inapungua uzito, na kwa kila mita 300 hivi maji huchemka mapema kwa takriban nyuzi 1. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yake huchemkia karibu nyuzi 94. Iringa mjini ni karibu 95, na Njombe, iliyo juu zaidi, ni 93 na kitu. Shuka hadi Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, unarudi kwenye 98. Ndiyo maana maharage ya gunia moja yanaweza kuwahi kuiva Kyela na kuchelewa Mbeya, ndani ya mkoa ule ule.

Nyuzi 6 zinaonekana kidogo, lakini kwa harage si kidogo hata kidogo. Chembe za ndani ya harage zimegandishwa pamoja na pektini, kama tope linavyoshika matofali. Harage hulainika pale pektini hiyo inapoyeyuka na chembe zikaachana. Kazi hiyo huenda kasi karibu na nyuzi 100, na joto likishuka kidogo tu mwendo wake hupungua sana. Kwa hiyo weka akilini nusu ya muda wa kitabu juu ya muda wenyewe. Maharage ya msimu uliopita yanaweza kutaka mara mbili.

Na moto mkubwa? Hausaidii. Maji yakishachemka hayapandi joto tena; moto wote unaoongeza unaishia kuyageuza mvuke. Sufuria inayotokota kwa fujo Mbeya iko kwenye nyuzi 94, na ile inayochemka taratibu iko kwenye 94 hizo hizo. Tofauti ni kwamba ya kwanza inamaliza maji na mkaa, na inaunguza kitako. Punguza moto hadi uone mapovu madogo yasiyokatika, funika, weka jiwe safi juu ya mfuniko.

Tuchukue makande ya watu sita: mahindi yaliyokobolewa vikombe 2, maharage kikombe 1, kikombe cha mililita 250. Viloweke jioni katika vyombo viwili tofauti. Kwenye maji ya maharage tia chumvi, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 1 na nusu. Wengi wamefundishwa kwamba chumvi hukaza maharage. Kwenye kuloweka ni kinyume chake. Chumvi hutoa kalsiamu, madini yanayolikaza ganda, na kuchukua nafasi yake, na ganda linalainika. Saa 8 hadi 12 zinatosha siku za joto. Mwezi wa Juni na Julai, usiku wa Mbeya, maji ya ndoo huwa baridi mno na harage hunywa polepole, hivyo anza na maji ya uvuguvugu na upeleke hadi saa 14.

Usikisie kama yamelowa. Chukua harage moja, limenye, lipasue vipande viwili na utazame upande wa ndani. Ukiwa bapa, umenyooka, maji yamefika. Ukiwa na kibonde katikati kama kijiko kidogo, bado. Harage la kibonde likibandikwa, nje litapasuka na kumwaga unga huku kiini kikiwa kigumu.

Mwaga maji ya kulowekea, suuza. Bandika mahindi kwanza peke yake kwa lita 2 na nusu za maji kwa dakika 40, kwa sababu mahindi huchelewa kuliko maharage. Kisha tia maharage, na nusu saa ya kwanza hakikisha yanachemka kweli. Hili ni la usalama hasa kwa maharage mekundu, ambayo yana sumu ya asili inayoharibika kwa kuchemshwa; yakiachwa yapate joto tu juu ya majivu yanaweza kuumiza tumbo vibaya. Baada ya hapo moto mdogo. Mvuke unapotea zaidi kwa kuwa unapika muda mrefu, kwa hiyo weka birika la maji ya moto pembeni na uongeze kikombe kimoja kimoja. Maji ya baridi hushusha joto la sufuria nzima, na unalipa tena muda wa kuchemsha. Kwa jumla tarajia saa 2 na nusu.

Kosa linaloharibu makande mengi kuliko urefu wa milima ni nyanya. Vitabu vya chungu kimoja hupenda kusema "weka vyote pamoja", na pwani unaweza kuponea hapo. Huku juu hutaponea. Uchachu wa nyanya, ndimu au ukwaju huifanya pektini isiyeyuke. Harage linaganda pale pale lilipofikia. Nyanya ziingie pale tu harage linapopondeka kati ya ulimi na kaakaa bila kutafuna. Viazi mviringo navyo vina tabia hiyo hiyo: tia viazi, vilainike, ndipo nyanya. Kitunguu na karoti hazina shida, tia utakapo.

Tazama pia maji yako. Birika likiwa na utando mweupe mgumu ndani, maji hayo yana kalsiamu nyingi, na kalsiamu huikaza pektini. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri hupika maharage upesi zaidi.

Wali na pilau havisumbui kiasi hicho, kwa sababu wanga wa mchele hulainika chini ya nyuzi 80. Tatizo lake ni maji kuisha kabla ya kiini kuiva. Kwa vikombe 2 vya mchele wa Kyela au wa Usangu ongeza robo kikombe juu ya kipimo cha kitabu, kisha palia makaa juu ya mfuniko.

Kama una presha kuka, ndiyo dawa hasa. Inafungia mvuke na kupandisha maji hadi zaidi ya nyuzi 110 hata Njombe. Usijaze zaidi ya nusu, maana povu la maharage huziba tundu la mvuke. Kijiko cha mafuta hupunguza povu hilo. Maharage yaliyolowekwa yanataka dakika 20 hadi 25 tangu mvuke uanze kutoka, makande kama 45. Epua, uache mvuke uishe wenyewe ndipo ufungue.

Na ukiwa umeshatia nyanya mapema, harage limekataa? Usiongeze moto. Tia magadi kidogo sana, ncha ya kijiko cha chai kwa sufuria hii ya watu sita, koroga, funika, subiri dakika 20 uonje. Magadi huvunja uchachu na pektini inaanza kuyeyuka tena. Yakizidi, makande hupata ladha ya sabuni na maharage hugeuka uji, na sehemu ya vitamini B1 inapotea, kwa hiyo yawe ya kuokoa sufuria iliyokwama, si ya kila siku.