Jamani, hakuna fidia ya tembo

Wiki iliyopita nimeisikia tena hoja ya fidia ya tembo, kijiweni Ngamiani hapa Tanga, Barabara ya 8, kabla sijamaliza hata kikombe cha kwanza. Mzee mmoja kutoka upande wa Mkwaja, kaja mjini kumuuguza ndugu yake, anasimulia tembo walivyomuingilia shambani. Usiku mmoja, ekari mbili na nusu za mahindi. Walichoshindwa kula wamekilalia. Kijana wa bodaboda, kaegemea pikipiki yake, akatoa hukumu: "Mbunge wenu hana habari na nyie. Angetaka angepitisha sheria mkalipwa fidia." Kijiwe kizima kikaitikia, na muuza kahawa naye.

Kazi yangu ni kuandika sheria ndogo za halmashauri, na vikao vya Bunge vikikaribia nawatayarishia wabunge maswali na majedwali ya marekebisho. Mwaka wa kumi na nne huu. Maneno ya yule kijana yana makosa matatu, na nimeyasahihisha misibani, harusini na kwenye basi la Pangani mpaka koo limenikauka. Sasa nayaandika. Nikiulizwa tena nitatuma kiungo, ninywe kahawa yangu.

Kosa la kwanza jepesi, nalipita haraka. Sheria ipo. Wanyamapori wana Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya 1974. Wanaofugwa wana Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya 2008, kwa hiyo mniache na ule wimbo wa "punda hana mtetezi nchi hii". Moja iko Maliasili na Utalii, nyingine Mifugo na Uvuvi. Punda na pundamilia wanafanana isipokuwa mistari, lakini mistari hiyo imewahamisha wizara, kamati ya Bunge na afisa wa kupigiwa simu. Kichekesho hasa ni kasa. Akiwa baharini analindwa na kanuni za uvuvi. Jike akijikokota usiku kwenda kutaga pwani ya Madete, ameingia Hifadhi ya Taifa ya Saadani, yuko mikononi mwa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Akishafukia mayai anarudi kwa bwana samaki. Mbunge anayetaka kumsemea kasa mmoja ajiandae kwa mawaziri wawili.

Kosa la pili ndilo linaloniudhi: neno fidia.

Fidia maana yake aliyekutia hasara akurudishie hasara yako, na akikataa unamfikisha mahakamani. Kwa tembo, sheria haikusema hivyo. Imempa Waziri mamlaka ya kutunga kanuni za kiasi cha kumpoza aliyeumizwa na wanyama wakali, na kiasi hicho kwa Kiswahili chetu tunakiita kifuta jasho kwa mali na kifuta machozi kwa mwili na roho. Si fidia. Andika barua yenye kichwa "Madai ya Fidia" uone itakavyozungushwa kabla hajatokea mtu wa kukwambia umegonga mlango usio wako.

Sasa tazama hesabu. Kanuni za 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa roho ya mtu. Kwa mazao, kiwango cha juu kabisa kilikuwa shilingi 100,000 kwa ekari, tena kwa shamba lililo zaidi ya kilomita 5 kutoka mpaka wa hifadhi, na hesabu ilikoma kwenye ekari 5 hata ukilima 20. Kadiri ulivyokuwa karibu na mpaka ndivyo ulivyopungukiwa, na ukiwa ndani ya mita 500 hukuwa na chako. Mzee wetu alitarajia gunia thelathini. Tumpe kile kiwango cha juu, tujifanye shamba lake liko mbali: anapata 250,000. Gunia linakuwa kama shilingi 8,300. Mfukoni mwa wapagazi, wapukuchuaji na mwenye gari hiyo imeisha.

Ile ngazi ya umbali ina mantiki yake, sikatai. Aliyeiandika hakutaka watu wasogee kulima mlangoni kwa tembo halafu waje kukinga mkono. Tatizo ni kwamba inadhania mpaka ulitangulia na mkulima akaufuata. Saadani ilikuwa pori la akiba, ikawa hifadhi ya taifa 2005 baada ya kuongezewa maeneo, ikiwemo iliyokuwa ranchi ya Mkwaja. Ukipita vijiji vile utaonyeshwa minazi na miembe yenye umri mkubwa kuliko hifadhi. Mwenye mwembe huo hakusogea popote. Kwenye karatasi ya kanuni hana tofauti na aliyehamia juzi.

Na hapa niseme jambo ambalo darasani sikufundishwa kulisema. Hoja ya wakubwa wa taaluma yangu ni kwamba Serikali haiwezi kulipa fidia kwa sababu tembo ni wa porini, hakuna aliyemtuma. Sawa. Lakini Sheria hiyohiyo ya 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, wamekabidhiwa kwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Ukimuua huyo tembo, utaambiwa vizuri sana ana mwenyewe. Mbuzi wangu akila mchicha wako mbele ya mjumbe nalipa, na aibu juu. Nimesoma majibu ya swali hili mengi, mengine ya mabingwa, na sijaridhika. Kama wewe umeridhika, niandikie.

La tatu: "mbunge angepitisha". Mbunge mmoja hapitishi kitu. Anaweza kuleta muswada binafsi, ndiyo, lakini Ibara ya 99 ya Katiba inalizuia Bunge kushughulikia jambo la kutoza kodi au kuchota Mfuko Mkuu wa Hazina mpaka Rais alipendekeze kupitia kwa Waziri. Muswada wa "tulipwe hasara yote" ni wa kuchota Hazina. Utakwama mlangoni, na mwenye kuuleta anajua. Akiwaahidi jukwaani kwamba ataupeleka, anawapigia ngoma.

Basi anaweza nini? Anaweza kuuliza swali, na la nyongeza. Anaweza kuleta hoja binafsi. Muswada wa Serikali ukija, anaweza kupeleka jedwali la marekebisho, orodha ya maneno anayotaka yabadilishwe, na hapo ndipo neno moja hubadili maisha ya watu bila mtu kuliona kwenye taarifa ya habari. Kikao cha bajeti, kati ya Aprili na Juni, anaweza kushika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani kuzuia fungu lake lisipite, mpaka apate maelezo ya kueleweka. Vijana wa mitandaoni hudhani kushika shilingi ni mchezo wa kuigiza. Mara nyingi ni mchezo kweli: anaishika asubuhi, anaiachia kabla ya futari. Ila nimeona viwango na tarehe za malipo vikitajwa kwa sauti siku hiyo tu, na kikishaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, kina pa kushikwa.

Kubwa zaidi hakuna anayeliuliza. Viwango vya kifuta jasho haviko kwenye Sheria. Viko kwenye kanuni, na kanuni hutoka kwa Tangazo la Serikali, saini ya Waziri, bila kupigiwa kura. Bungeni huwekwa mezani baadaye, zikiwa tayari zinatumika, na kuna Kamati ya Sheria Ndogo ya kuzichambua. Kamati hiyo haina kamera. Mbunge anayekesha humo na kalamu nyekundu jimboni mtasema haonekani.

Maneno madogo yana hatari, na simnyooshei mtu kidole, la kwangu hili hapa. Nikiwa mgeni kazini niliandika rasimu ya sheria ndogo ya wanyamakazi kwa halmashauri moja. Nikaweka kosa la "kumbebesha mnyama mzigo unaozidi uwezo wake na kumpiga". Ikapita. Mwaka uliofuata akaletwa punda wa maji: madumu sita ya lita 20 mgongoni, kilo 120 bila kuhesabu kamba, na chini ya gunia alilotandikwa kidonda kipana kama sahani, nzi wameshakifanya chao. Mwenye punda akasema, nilimbebesha, sikumpiga. Kweli hakumpiga. Kwa "na" yangu, mashtaka yalitaka yote mawili. Ningeandika "au", yule punda angepumzishwa siku ileile. Alipakiwa madumu yake akaondoka, nami nimesimama pale na nakala ya sheria yangu mkononi.

Sheria ya 2008 ilikuwepo ya kumshika, mtaniambia. Ilikuwepo, kwa Kiingereza, kabatini. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, tunatafsiri, na kutafsiri nako kuna vita vyake. "Ustawi" wenyewe unanitatiza. Diwani mmoja, mtu wa maana, alinisimamisha kwenye kuku wa baiskeli, wale wanaofungwa miguu wakaning'inizwa vichwa chini kutoka vijijini hadi sokoni. "Mbona halii, mwanasheria? Katulia tuli. Ameridhika." Nikamweleza kuku hana kiwambo kama chetu, akipinduliwa matumbo yanamlalia kwenye mapafu na vifuko vya hewa, ule utulivu ni kukosa pumzi na woga. Akanitazama. "Haya. Na muuza kuku mwenye baiskeli moja utampa gari?" Kwenye rasimu ya sheria ndogo tukaandika kuku wabebwe kwa tenga. Bei ya tenga sikuiulizia, na mpaka leo sijui kama nilimsaidia kuku au nilimpa mgambo sababu ya kumkamata muuza kuku.

Kwa ngozi za punda nisiwachoshe: Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Azimio si kifungu cha sheria. Muulizeni mbunge kifungu kiko wapi.

Yule mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kijana wa bodaboda alishapata abiria wa Raskazone akaenda zake. Nikamwandikia swali nyuma ya risiti ya dawa, ampelekee mbunge wake: je, Serikali itapitia lini sharti la umbali katika kanuni za kifuta jasho kwa mashamba yaliyokuwepo kabla ya mpaka wa hifadhi? Akalisoma mara mbili, akitembeza kidole.

"Na huo umbali, mwanangu, wanapima kutoka bikoni, pale kwenye jiwe la mpaka, au kutoka alikotokea tembo?"

Kutoka mpakani, nikamwambia. Akataka kujua bikoni ipi, maana upande wa kwake ziko mbili, ya zamani na mpya. Nikaomba ile risiti, nikaongeza mstari.