Machale yakikucheza, yape uzito gani?

Machale ni kumbukumbu inayofanya kazi bila maneno. Dereva mzoefu hupunguza mwendo kabla hajajua kwa nini: gurudumu la mbele la gari lililoegeshwa limeanza kugeuka, na jicho lake limeliona kabla akili haijalitaja. Akibonyeza breki, matokeo anayaona papo hapo. Hivyo ndivyo hisia inavyofunzwa.

Mwaka 2009 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Gary Klein, waliokuwa na misimamo tofauti kuhusu suala hili, waliandika pamoja na kukubaliana juu ya masharti mawili ya kuyaamini machale: jambo lenyewe liwe na mpangilio unaojirudia, na mhusika awe amepata nafasi ya kuujifunza kwa kuona matokeo. Kujiamini hakumo. Mtu anayebashiri bei ya hisa anaweza kuwa na uhakika mkubwa kuliko muuguzi wa zamu, ila nitamsikiliza muuguzi.

Usalama una hesabu yake. Roho ikikataa kupanda lifti na mtu fulani, usipande. Ukikosea umepoteza dakika moja tu.

Kwenye kuchagua watu ndiko tunakoharibu zaidi, kwa sababu hisia huja dakika za mwanzo za usaili kisha maswali yote yanayofuata huitafutia ushahidi. Katikati ya miaka ya 1950, Kahneman aliwapangia wasaili wa jeshi la Israeli utaratibu huu: pima sifa sita, moja baada ya nyingine, kila moja ipewe alama kabla ya kugusa inayofuata, mwisho kabisa fumba macho, mfikirie mtu huyo kazini, umpe alama ya jumla, 1 hadi 5. Alama hiyo ya hisia ilifanya vizuri sawa na jumla ya zile sita. Hisia ni ileile, ila safari hii imekuja baada ya ushahidi.

Njaa, usingizi na woga pia hujifanya machale. Kama jambo linaweza kungoja, kula, lala, kisha ujiulize tena.

Ukitaka kujua machale yako yana ukali kiasi gani, yaandike: tarehe, unachohisi, uhakika wako kati ya 0 na 10, na siku ya kuhakiki. Andika kabla ya matokeo, maana ukishayajua utaapa kwamba ulijua tangu mwanzo. Tenga kurasa za kazi, fedha na watu. Usishangae ukurasa mmoja ukikuonyesha mtu wa kuaminika na mwingine mtu wa kubahatisha.