Je, wajua amri ya Mfalme Antiochus III ilifikaje kwa maofisa wa chini?

Mwaka 209 KK Antiochus III, mfalme wa milki ya Waseleuko, alimteua Nikanor, mtu aliyekua pamoja naye, awe kuhani mkuu wa mahekalu yote ng'ambo ya milima ya Taurus, magharibi mwa Uturuki ya leo. Hakuiandikia miji. Alimwandikia mtu mmoja, gavana wake Zeuxis. Zeuxis akamwandikia Philotas, ofisa wa chini yake: nakala ya barua ya mfalme hii hapa, itekelezwe. Philotas naye akamwandikia Bithys vivyo hivyo.

Barua zote tatu zilichongwa kwenye jiwe moja lililopatikana Pamukçu, Uturuki. Ukilisoma unaanza na Philotas, unapanda kwa Zeuxis, na mfalme anakuja mwisho. Kila ofisa aliongeza mistari michache tu na kuambatanisha aliyopokea. Agizo lenyewe lilitaka jina la Nikanor liandikwe kwenye mikataba, tena nakala zichongwe na kuwekwa kwenye mahekalu yanayojulikana.

Kwa nini mamlaka makubwa namna hiyo apewe mtu mmoja, Zeuxis, wakati magavana walikuwa wameshamtia mfalme hasara? Molon, gavana wa jimbo la Media, katika Iran ya leo, aliasi mwaka 222 KK. Achaeus, jamaa wa mfalme aliyeshika Asia Ndogo, akajitangaza mfalme mwaka 220. Zeuxis, Mmasedonia, alijijengea jina katika vita vya Molon: alizikamata mashua za mto Tigris, na mwasi akashindwa kuvuka kuuzingira mji wa Seleukia. Baadaye alimshauri mfalme avuke mto huo badala ya kuufuata ukingo, ambako jeshi lingetembea siku 6 jangwani. Ushauri ukafuatwa, na Molon akaishia kujiua.

Sardis, makao ya Achaeus, ilitekwa tena mwaka 213 KK, na hapo ndipo kazi ya gavana inapoonekana vizuri. Mji ulikuwa umeharibika. Mfalme aliruhusu magogo ya kujengea yakatwe katika misitu ya Taranza, lakini kwa idhini ya Zeuxis. Ushuru wa nyongeza wa sehemu moja ya ishirini ukaondolewa. Askari waliokuwa wakichukua nusu ya nyumba za watu wakaambiwa watosheke na theluthi. Ukumbi wa mazoezi ya vijana nao ukapangiwa mafuta metreti 200 kwa mwaka, na metreti moja ni kama lita 39. Ukarimu wote ulitolewa kwa jina la mfalme; kuhesabu magogo kulibaki kwa gavana.

Ugumu ulikuja pale ahadi ya mfalme ilipodai nafaka kutoka ghala la gavana. Mwaka 201 KK Philip V wa Masedonia, aliyekuwa na mapatano na Antiochus, alimwomba Zeuxis chakula cha jeshi lake. Alipewa, ila kwa mkono mzito. Majira ya baridi yalipomkuta Philip amekwama huko Karia, kusini-magharibi mwa Uturuki ya leo, askari wake walikula tini za watu wa Magnesia, kwa kuwa nafaka haikuwepo. Kwa tini hizo akawalipa mji mzima wa Myus!

Antiochus aliposhindwa na Warumi vitani Magnesia, mji mwingine wenye jina hilo, aliyetumwa kuomba amani pamoja na Antipater, mpwa wa mfalme, alikuwa Zeuxis huyohuyo. Warumi walitaka talanta 15,000 (talanta ni kipimo cha uzito wa fedha), na nchi yote ng'ambo ya Taurus iachwe, yaani jimbo lake mwenyewe.