Tuzo ya mfadhili ni nini, na kwa nini ofisi inadai barua ya shukrani

Jirani yangu wa Langoni, hapa Lamu, alinijia alasiri moja na simu mkononi, uso umemkunjika. Mwanawe yuko mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja cha Kanada. Chuo kimemwandikia kwamba amepata tuzo ya dola 2,500, tuzo yenyewe ina jina la mtu aliyekwisha kufa, na kabla ya mwisho wa mwezi kijana aandike barua ya kumshukuru mfadhili. "Maalim," akaniambia, "ndiyo nini hii? Wanamtaka mwanangu aombeombe? Si wamekwisha kumpa?" Aliyetia saini alijitambulisha kuwa mratibu wa tuzo za wanafunzi na uhusiano na wafadhili. Cheo kirefu kama jahazi la Matondoni.

Nikamwambia, dada, kaa kitako. Kitu hiki Lamu tunacho tangu kale, ila sisi tunakiita wakfu.

Mtu ana shamba la minazi au nyumba ya mawe. Anaitoa katika milki yake na kusema pato lake liende msikitini, au kwa wanaosoma. Tangu siku hiyo minazi haiuzwi wala hairithiwi. Zinazotumika ni nazi. Asili yake ni ardhi ya Sayyidna Umar huko Khaybar, aliposhauriwa na Mtume (s.a.w.) aizuie ardhi yenyewe na matunda yake ayatoe sadaka. Anayesimamia mali hiyo ni mutawalli. Hana haki ya kuila, hana haki ya kuibadilisha atakavyo, na akiulizwa sharuti awe na jibu. Kenya ina Makamishna wa Wakfu tangu enzi za ukoloni, na sheria yao ikaandikwa upya mwaka 2022. Aliyepita msikiti wa Riyadha na kuwaona wanafunzi waliotoka mbali wakisoma pale alipoanzisha darasa Habib Saleh, hahitaji kuelezwa kwamba elimu huweza kulishwa na mkono wa mtu ambaye mwanafunzi hatamwona maisha.

Basi mfuko wa kudumu wa chuo kikuu ni shamba la minazi lililo benki. Tuseme mfadhili ametoa shilingi 5,000,000. Chuo hakizigawi. Kinaziwekeza, na kila mwaka kinachuma sehemu ndogo tu. Vyuo vingi huchukua asilimia 4 au 5 hivi. Kwa asilimia 4 unapata shilingi 200,000 kwa mwaka, na hizo ndizo tuzo. Mwaka wa neema ambapo faida imezidi, ziada hurudishwa kwenye mtaji. Wengine huona huo ni ubahili, lakini tazama nyumba ya wakfu ambayo kodi yake imebaki ile ya miaka 40 iliyopita: haiwezi hata kujinunulia chokaa ya ukuta wake. Karo hupanda kila siku, na mfuko usiokua nayo utabaki jina.

Si tuzo zote ziko hivyo. Nyingine ni fedha za kutumika zote: mfadhili analeta kila mwaka, zinagawiwa zikaisha, anangojwa mwaka ujao. Biashara yake ikienda kombo, tuzo imezama nayo. Ndiyo sababu mwanafunzi hufanya vyema kuuliza tangu mwanzo: hii ni ya mwaka mmoja, au nikifaulu inaendelea?

Hapa kwetu maneno haya huchanganywa sana. Ya HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu iliyoanzishwa mwaka 1995, kwa wengi ni mkopo, na mkopo ni deni. Basari ya kaunti au ya eneo bunge ni fedha ya umma. Hakuna mfadhili wa kumwandikia barua, ingawa wapo wanasiasa wanaopenda kushukuriwa kana kwamba wametoa mfukoni mwao. Na "tuzo" humfanya mtu afikiri mtoto ameshinda mashindano, kumbe tuzo nyingi za wafadhili hutazama hali ya mwanafunzi kwanza, alama baadaye. Tofauti ya tuzo ya mfadhili ni kwamba fedha hizi zina mwenyewe: mtu au jamaa au kampuni iliyozitoa kwa nia iliyoandikwa, na nia hiyo inakifunga chuo.

Jambo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1643 bibi mmoja wa London, Ann Radcliffe, aliyejulikana kama Lady Mowlson, alikipa chuo cha Harvard pauni 100 zimsaidie mwanafunzi maskini, na hadi leo anakumbukwa kwa zawadi hiyo. Na sisi Wakenya tuna mfano wa nyumbani. Mwaka 1959 mwanasiasa Tom Mboya alizunguka Marekani akihutubia na kuomba msaada wa kuwapeleka vijana wetu wakasome huko, akina Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier wakatia majina yao katika ombi la mchango, na ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na miongoni mwa waliokwenda mwaka huo alikuwemo Wangari Maathai. Hapakuwa na mtu mwenye cheo cha mratibu, lakini kazi ilikuwa ile ile: kutafuta wa kutoa, kutafuta wa kupewa, na kuwafanya wote wawili waaminiane ilhali hawajapata kuonana.

Ukiniuliza sehemu ngumu ya kazi hii iko wapi, sitasema ni kutafuta fedha. Ni masharti. Wanachuoni wana kauli kwamba sharti la mwenye kuweka wakfu ni kama andiko la sheria, na chuo kikuu nacho huliheshimu hivyo hivyo. Sasa chukua mfadhili mwenye moyo mwema anayetaka tuzo yake apewe msichana, mzaliwa wa Kiwayu, anayesoma uhandisi wa meli, mwenye alama za juu kabisa, na asiwe na msaada mwingine wowote. Nia njema, lakini huyo msichana yuko wapi? Mwaka huu hayupo, mwakani hayupo, fedha zimelala, na palepale kuna binti wa Faza anayesoma uvuvi ambaye karo inakaribia kumrudisha nyumbani. Hawezi kupewa. Mratibu akimpa, amevunja amana. Asipompa, roho inamuuma.

Kwa hiyo mratibu mzuri huumaliza mgogoro huu kabla haujazaliwa, siku ya kuandika mkataba. Humwambia mfadhili kwa upole: badala ya "lazima awe wa Kiwayu", tuandike "wa Kiwayu apewe kipaumbele". Neno moja. Akipatikana wa Kiwayu, ni wake. Asipopatikana, itazamwe Lamu nzima. Tena huongeza kifungu kinachosema kwamba siku somo lenyewe likifutwa chuoni, chuo kitachagua lililo karibu zaidi na nia ya mtoaji. Mkataba usio na kifungu hicho huwapeleka watu mahakamani, au bungeni. Cecil Rhodes alipofariki mwaka 1902 wosia wake ulianzisha ufadhili wa kusoma Oxford kwa wanaume peke yao, na wanawake hawakuruhusiwa kuugombea hadi mwaka 1977, baada ya sheria ya Uingereza kufungua njia. Miaka 75 kwa sababu ya maneno ya marehemu.

Jambo la pili ambalo watu hulisahau: mfadhili hachagui mtu. Anaweka sifa, kisha kamati ya chuo inachagua. Najua hapa kwetu hilo linaonekana ajabu. Mtu atatoaje mali yake halafu asimsaidie mtoto wa shangazi yake? Anaweza kumsaidia, amlipie karo mwenyewe, na Mungu atamlipa. Lakini hapo haijawa tuzo ya chuo. Marekani, ukitoa fedha kwa sharti apewe mtu uliyemtaja jina, serikali hata haihesabu kuwa ni sadaka ya kukupunguzia kodi. Na kuna hekima ndani yake. Mwanafunzi anayejua kwamba yule bwana ndiye aliyemteua atamwinamia maisha yake yote, na bwana naye, mwanadamu ni mwanadamu, anaweza kuanza kudai.

Hapa ndipo mratibu anapokuwa ukuta na mlango kwa pamoja. Kwa mfadhili hupeleka habari: fedha zako zimezaa kiasi hiki, wamepewa wanafunzi wawili, mmoja yuko mwaka wa mwisho wa uuguzi. Ripoti hiyo hutoka kila mwaka, iwe mfadhili ameiuliza au hakuiuliza, kwa sababu wafadhili wengi hawaachi kwa kuwa wamefilisika. Huacha kwa kuwa hawakusikia tena neno. Lakini alama za mwanafunzi, ugonjwa wake, ugomvi wa nyumbani kwao, hayo hayapelekwi bila idhini yake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Kanada wana zao. Mimi nayasema haya huku nikikumbuka picha tunazoziona kila msimu wa basari: watoto wamepangwa juani, wameshikishwa hundi ya kadibodi kubwa kuliko wao, majina yametangazwa kwa kipaza sauti. Mtoto yule hakuulizwa kama anataka mji mzima ujue kwamba kwao hakuna karo.

Kuna shimo jingine ambalo wazazi huanguka bila kuliona. Chuo kikishakadiria kwamba mwanafunzi anahitaji kiasi fulani, na kikampa msaada wake chenyewe, tuzo mpya ikija huenda kikapunguza ule msaada wa awali. Mkono mmoja umeweka, mwingine umeondoa. Familia inasherehekea dola 2,500, kumbe deni la karo limepungua dola 500 tu. Si wizi, ni kanuni ya vyuo vingi, lakini ni kanuni ya kuuliziwa. Aulize kijana: tuzo hii inaongezwa juu ya nilichonacho, au inachukua nafasi yake? Na kama inachukua nafasi, je, inaondoa mkopo au inaondoa ruzuku, yaani fedha zisizorudishwa? Ikiondoa mkopo, alhamdulillahi. Ikiondoa ruzuku, fedha zimehama mfuko tu. Jirani yangu alimpigia mwanawe simu palepale barazani. Ikawa imeondoa mkopo. Akashusha pumzi.

Ndipo tukarudi kwenye barua iliyomleta.

Barua ya shukrani si ya kuomba. Fedha zimekwisha kuidhinishwa, na kwa kawaida zimekwisha kuingia kwenye akaunti ya karo. Mratibu anaitaka kwa sababu hicho ndicho kitu pekee kitakachomfikia mfadhili chenye sauti ya mtu; ripoti ya hesabu haina sauti. Na tuzo hii ilikuwa na jina la marehemu, maana yake kuna uwezekano mkubwa kwamba atakayeisoma ni mjane, au mtoto wake, au ndugu waliochanga baada ya mazishi. Sisi tunasema mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa mambo matatu, na sadaka yenye kuendelea ni moja, elimu yenye kunufaisha ni la pili. Watu hawa si lazima wawe na dini yetu, lakini walichokitaka kinafahamika kwa yeyote aliyewahi kumchimbia maiti wake kisima.

Nikampa kijana maelekezo kwa simu. Aandike jina la tuzo kama lilivyo, herufi kwa herufi, maana kulikosea jina la marehemu ni kama kulikosea kwenye kaburi. Aseme ametoka Lamu, kisiwani, na asijisumbue kueleza punda na vichochoro isipokuwa kama vinahusu. Aseme anasoma nini na kwa nini. Aseme kitu kimoja kilichobadilika: kwake yeye ni kwamba ameacha kazi ya usiku ya kuosha vyombo na sasa hukaa maabara hadi jioni. Sentensi hiyo moja ina uzito kuliko kurasa mbili za "nashukuru sana". Umaskini asiutie chumvi. Hakuna haja, na mama yake ataisikia. Asitaje nambari ya simu wala anwani. Asiombe chochote. Ukurasa mmoja, aipeleke ofisini kwa mratibu, naye ataipitisha.

Kijana akaituma kwanza kwetu. Nilisahihisha mahali pawili tu. Mama yake akaisikiliza nikimfasiria kwa Kiswahili, akanyamaza, kisha akaingia ndani na kutoka na kofia aliyoitarizi kwa mkono, kazi ya miezi. "Hii iende na barua," akasema. Kijana akamuuliza mratibu. Jibu likaja siku ya pili: anwani ya mfadhili haitolewi, lakini zawadi ndogo ikiletwa ofisini itafikishwa.

Sasa kofia iko mezani kwangu, imefungwa kwa karatasi, inangoja msafiri. Tumekwama kwa jambo moja. Barua ya ofisi inasema "mfadhili" tu, na hakuna anayejua kama atakayeipokea ni mwanamume au mwanamke, wala kichwa chake ni kipimo gani.